Sola juu ya nyumba ya wakfu, Kiponda: shajara ya kutafuta kibali

13 Januari

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa dari. Nyumba iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, mali ya wakfu. Chini pana maduka mawili na chuo cha Kurani cha watoto, juu wanakaa familia tatu, na juu kabisa pana sakafu ya chokaa inayopigwa na jua kutwa nzima. Msimamizi wa wakfu ni mzee asiyependa maneno mengi. Ameniambia: "Bi Mhandisi, mimi nataka sola. Kibali kitafute wewe."

Nimefunga sola Fuoni, Bububu, hata Nungwi. Huko mazungumzo yalikuwa baina yangu na mwenye nyumba, yakaisha kwa kahawa. Hapa naona kahawa zitakuwa nyingi.

Sababu za mzee zinaeleweka. Duka moja lina jenereta, na moshi wake unapanda hadi madirisha ya chuo, watoto wanasoma huku wamefunika pua. Pampu ya maji inakula uniti. Na sisi watu wa umri wangu hatujasahau: Mei 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika Unguja nzima kwa karibu mwezi, kisha Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010. Waya wa pili wa baharini, wa megawati 100, ulianza kazi 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba na mambo yakatengenea, lakini mzee bado ana kandili tatu uvunguni.

20 Januari

Wiki nzima nimesoma. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mpango mkuu wa uhifadhi wa mwaka 1994, na sheria inayotumika sasa ni ya 2010. Kwa lugha ya dukani, sheria hiyo inasema kwamba nyumba ni yako lakini sura yake si yako peke yako. Hata rangi ya dirisha ina mwenyewe mwengine wa kuulizwa, nayo ni Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba yetu imo kwenye orodha ya majengo yenye thamani, daraja la pili. Msikiti ulio nyuma yake nao umo, na nyumba ya mkabala yenye mlango wa nakshi vilevile. Kwa hiyo sitaulizwa habari za nyumba moja. Nitaulizwa habari za tatu.

Nimeandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari maswali ninayodhani nitakutana nayo. Kitaonekana nini, na kutoka wapi? Uzito utakaa juu ya nini? Siku tukiondoa, patabaki kovu?

3 Februari

Michoro ya kwanza imerudi, na kosa ni langu. Nilipanga paneli 24 juu ya bati la upande wa mtaani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, na fremu nilizozitoa kwenye katalogi zilikuwa za mwinamo wa nyuzi 30. Kwenye mchoro nyumba ilionekana kama imevaa kofia ya polisi.

Mhifadhi wa Mamlaka aliyenirudishia hakunisema vibaya. Alinipeleka dirishani, akanionyesha mapaa. "Hesabu madishi," akaniambia. Nilifika 31 nikaacha. Kisha simtanki nyeusi, viyoyozi, nguzo za simu. "Kila mmoja alisema chake ni kimoja tu." Sikuwa na la kujibu.

Niseme jambo moja hapa, maana nimelisikia mara nyingi vijiweni: kwamba uhifadhi na umeme ni mafahali wawili. Si kweli, na ushahidi uko Forodhani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ndiyo nyumba ya kwanza hapa Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na ilikuwa na lifti wakati miji mingi ya ukanda huu haijasikia neno hilo. Watu walikuwa wakiiita ya ajabu kwa mambo hayo hayo. Umeme ni sehemu ya historia ya mji huu. Ila ni sehemu ya nyumba hiyo hiyo iliyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikaua watu wawili. Tangu siku ile ukisema mbele ya mtu wa Mji Mkongwe kwamba unataka kupandisha vitu vizito darini, huoni uso wake ukibadilika? Mimi nauona. Na nina haki gani ya kuukasirikia?

12 Februari

Siku ya kugonga boriti. Nimekwenda na fundi mkongwe wa chokaa, mzee ambaye hatumii kipimo chochote zaidi ya bisibisi na sikio. Anagonga, anasikiliza, anachoma. Boriti nzima inalia kavu, iliyoliwa na mchwa inajibu kama mtu mwenye mafua. Kati ya boriti za vyumba viwili vya juu, mbili zimeliwa na moja inatia shaka. Hizo zitabadilishwa kabla ya chochote, sola ije isije.

Kisha akanifundisha kitu ambacho chuoni sikufundishwa. Aliniuliza, "Kwa nini vyumba vyote vya Mji Mkongwe ni vyembamba?" Nikasema labda ni kwa ajili ya kivuli. Akacheka. Ni mkoko. Boriti ya mkoko yenye nguvu haizidi sana mita tatu, basi mjenzi aliupima upana wa chumba kwa urefu wa mti, si kwa matakwa ya mwenye nyumba. Matokeo yake, kila baada ya kama mita tatu una ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa zaidi ya nusu mita, unaoshuka hadi ardhini.

Nilikaa chini pale pale darini nikachora upya. Kama kuta ziko karibu hivyo, reli za kubebea paneli zinaweza kuruka kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti zisibebe hata kilo moja. Mita tatu kwa reli ya alumini ni kazi ndogo. Uzito wote unakwenda kwenye kuta. Mhandisi wa majengo tuliyemwita amepiga hesabu zake kwa siku mbili akakubali.

Wazo la kuzilaza fremu juu ya matofali ya zege, kama tunavyofanya kwenye majengo mapya, tumelifuta. Ni uzito wa bure. Zege na simenti vyenyewe pia ni adui wa nyumba hizi: ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiuziba kwa simenti maji yanabaki ndani na chumvi inautafuna taratibu. Nusu ya maradhi ya nyumba za Mji Mkongwe yameletwa na watu waliokuwa wanajaribu kuzitibu.

24 Februari

Kikao kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Hiki tumekifanya kabla ya kupeleka maombi upya, na nililazimika kumshawishi msimamizi wa wakfu, ambaye aliona ni kuamsha waliolala. Nilimtolea mfano wa Lamu. Mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ulikuwa na leseni ya mazingira tangu 2016, wenye fedha walikuwa tayari, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ya Kenya ikaifuta. Mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mji wa Lamu ni Urithi wa Dunia kama sisi. Siwezi kulinganisha paneli chache na mtambo ule, moshi wake haufanani na jua letu hata kidogo, lakini kanuni ya kuuliza mapema ni ile ile. Mzee akasema, "Basi uliza."

Walikuja watu kama ishirini. Muuza kahawa aliuliza kama paneli zinavuta radi. Hazivuti, lakini fremu lazima ziwekewe waya wa ardhini, na nikamwonyesha utakapopita. Kijana mmoja alitaka kujua kama atapata umeme wa bure. Imamu aliuliza kuhusu mng'ao kwa muadhini akiwa juu. Kioo cha paneli kimetengenezwa kuumeza mwanga, kinarudisha kidogo kuliko bati jipya, na bati jipya lipo pale jirani halijawahi kulalamikiwa.

Swali lililonishinda liliulizwa na bibi wa nyumba ya ubavuni, ambaye hakuja kikaoni. Alituma mjukuu aniite. Nilipiga hodi, nikaingia mpaka ua wa ndani, nikamwamkia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye utakayepandisha wanaume darini?"

Akanyoosha kidole juu. Kutoka dari yetu unauona ua wake wote: kanga zimeanikwa, mabinti wanasuka, yeye mwenyewe kichwa wazi. Kwenye michoro yangu yote ua huu ulikuwa mraba mweupe ulioandikwa "jirani". Sitara yake haikuwa na mstari.

Tumekubaliana hivi: mafundi watafanya kazi asubuhi saa mbili hadi saa sita tu, siku zijulikane wiki moja kabla, na upande wake litafungwa pazia la turubai kabla ya fundi wa kwanza kupanda. Baada ya hapo, anayepanda kufuta vumbi apige hodi kwa sauti kwanza. Nimeyaandika yote kama kiambatisho cha maombi. Mhifadhi aliponiuliza baadaye kiambatisho hicho nimekitoa kwenye mwongozo gani, nilimwambia ukweli.

5 Machi

Ramadhani, siku za mwanzo. Kazi zinakwenda nusu siku, lakini leo nilikuwa na miadi na jua.

Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Nilisimamisha fimbo darini nikangoja. Saa sita na nusu na dakika chache kivuli kilijikunja mpaka kikaingia chini ya fimbo, hakikuonekana. Nilikipiga picha na picha hiyo imeingia kwenye maombi. Nimeitia kwa sababu inajibu swali la mwinamo kuliko jedwali lolote. Ulaya, paneli lazima iinuliwe sana ili ilitazame jua lililo chini, ndiyo maana inaonekana. Hapa ukiilaza karibu bapa hupotezi kitu cha kusema. Nyuzi kumi zinatosha, na hizo zenyewe ni kwa ajili ya mvua iweze kuiosha.

Sasa hesabu ya paneli. Zimekuwa 18, za wati 410, upana wa mita 1.13. Kwa nyuzi kumi, upande wa juu unainuka sentimita 20. Ongeza sentimita 20 za nafasi ya hewa na ya kupitishia maji. Jumla 40. Ukuta wa ukingoni mwa dari una sentimita 85. Waliojenga nyumba hii walijenga ukingo huo kwa ajili ya sitara ya wanawake wanaokaa juu jioni, na sasa utazisitiri paneli nazo.

Tumepoteza karibu kilowati mbili na nusu kulinganisha na mchoro wa kwanza. Tutazirudisha kwa taa za LED, friji mbili kuukuu za maduka kutolewa, na pampu kufanya kazi adhuhuri jua likiwa kali, si usiku. Kwa siku yenye jua zuri nakadiria uniti 30, na zinatosha.

17 Aprili

Masika. Dari imevuja pembeni, si kwa ajili yetu, lakini tumeigundua na tumeiandika. Fundi ataiziba kwa chokaa.

8 Mei

Mvua ilipata pumzi leo, tukafanya jaribio la macho. Wahifadhi waliomba kuona paneli zitakavyoonekana kutoka sehemu nne: mtaani mlangoni, Ngome Kongwe, baharini, na kwenye mkahawa ulio juu ya hoteli. Picha za kompyuta tulikuwa nazo, lakini mimi mwenyewe siziamini sana, kompyuta inachora unachotaka.

Tulichukua vipande vitatu vya bati, tukavipaka rangi nyeusi, tukavifunga kwenye fremu za mbao kwa kimo na mwinamo ule ule. Mwanafunzi wangu akabaki darini na bendera nyekundu ya kutupa alama. Mimi nikapanda boti ya wapeleka watalii kisiwani Changuu, nahodha akaniangalia kwa huruma nilipomwomba asimame katikati ya bandari.

"Nipungie!" nikamwambia kwenye simu.

"Napunga!"

Bendera niliiona. Mabati sikuyaona. Kutoka Ngome Kongwe sikuyaona. Mtaani huwezi kuona hata ukingo wenyewe, kichochoro ni chembamba mno. Lakini juu ya mkahawa wa hoteli, nilipoagiza juisi ya ukwaju ili nisifukuzwe, yalikuwa yamelala mbele yangu meusi tiii, yote matatu.

Ningeweza kuichagua meza nyengine na kupiga picha nzuri zaidi. Nilifikiri hilo, nakiri. Nimeipeleka picha kama ilivyo.

2 Juni

Jibu la picha ya mkahawa lilikuwa swali: mtarudisha nini? Yaani, kama mapaa yatapata kitu kipya kinachoonekana kutoka juu, kipi cha zamani kitaondoka? Nilirudi kwa msimamizi wa wakfu, tukapanda dari sote wawili, mzee akihema. Tukahesabu vyetu: madishi manne, matatu hayana hata waya, simtanki moja iliyopasuka, kiyoyozi kilichokufa, na mbele ya nyumba rundo la nyaya zinazoning'inia juu ya mlango.

Tumeahidi vyote hivyo viondoke kabla ya paneli ya kwanza. Nyaya za mbele zitapitishwa ua wa ndani, pamoja na waya wa sola. Betri za lithiamu zitakaa ghala la chini, chumba cha mawe chenye dirisha la kutolea hewa, si chini ya ngazi ambayo ndiyo njia pekee ya watu wa juu kukimbilia. Gari la zimamoto halifiki kichochoroni kwetu, kwa hiyo swichi ya kuzima paneli zote itakuwa mlangoni, imepakwa nyekundu, ambapo hata mtoto wa chuo anaijua. Pia tumeweka swichi ya kubadilishia ili umeme wetu usirudi kwenye laini ya mtaani wakati mafundi wa Shirika la Umeme wanaamini haina moto.

Na vyuma vyote ni alumini na chuma kisichoshika kutu cha daraja la juu. Bahari iko dakika tatu kwa miguu, na chumvi haina rafiki.

23 Juni

Kibali kimetoka! Kina masharti. Boriti zibadilishwe kwanza na zikaguliwe. Hakuna tundu kwenye ukuta wa nje. Nanga za reli zikae kwenye chokaa, si simenti, na kila moja iwe ya kuondolewa. Madishi yaende. Mapatano na jirani yaheshimiwe. Picha za dari zipelekwe kabla na baada. Likiongezwa chochote, maombi mapya.

Msimamizi alisoma ukurasa wote kimya. Kisha akauliza kwa nini jina la Bibi limo kwenye kibali cha serikali wakati la kwake limo mara moja tu.

14 Julai

Nilisahau ngazi.

Paneli zimefika Darajani kwa gari, kutoka hapo hamali kwa mkokoteni. Kona ya kwanza ilipita, ya pili ilipita kwa kuinamisha. Mlango ulipita. Ngazi ya nyumba hii ina upana wa sentimita 80, inageuka ghafla mara mbili, na mguu wa kila daraja ni mrefu kama wa mnara. Paneli yenye mita 1.72 haigeuki pale hata uiombe dua.

Njia ya haraka ilikuwa kuivuta kwa kamba mbele ya nyumba. Mafundi walishaanza kufunga roda kwenye dirisha la ghorofa ya pili, la mbao za nakshi. Niliwasimamisha kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kibali changu kinaruhusu paneli darini, hakisemi chochote kuhusu kuegemeza ngazi na kamba kwenye uso wa nyumba. Nilipiga simu, nikaelezwa kwamba kwa hilo nahitaji barua. Wiki moja, labda mbili.

Fundi wa chokaa alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa, anatutazama. Akauliza kwa upole, "Na simtanki ile iliyopasuka, nyinyi mnadhani ilipandaje?"

Ua wa ndani. Upo wazi mpaka mbinguni, mita tatu kwa mbili na nusu, na juu kabisa, kwenye ukingo, ipo boriti nene yenye alama za kamba ambayo kwenye michoro nilikuwa nimeiandika "boriti, matumizi hayajulikani".

4 Agosti

Wiki imepita: fundi ameikagua boriti ile akaipitisha, na Bibi kapewa tarehe. Leo saa mbili asubuhi pazia limefungwa, tukamwita, akajibu tuendelee. Roda imefungwa. Paneli ya kwanza ilipanda imezungushiwa godoro la zamani, watoto wa chuo wamekatazwa kutoka na wote wamejaa madirishani. Ilichukua dakika nne. Hadi saa sita tumepandisha kumi na moja, tukasimama, ingawa mafundi walitaka kumaliza.

Kesho saba zilizobaki. Jioni hii napeleka picha za dari bila madishi.